Mita za Kwenye Boksi Hazipigi Picha: Kuchagua Kamera Ndogo ya Majini na Nchi Kavu

Kamera ndogo zinazoingia majini huuzwa kwa namba. Boksi moja limeandikwa mita 10, la pembeni yake mita 15, jingine mita 30, na mnunuzi aliyepanga kwenda Mnemba au Watamu mwezi ujao hushawishika kwamba yenye mita nyingi ndiyo bora. Anaeleweka, maana mita ndilo jambo pekee kwenye boksi lile ambalo kila mtu analifahamu bila kuelezwa. Lakini mita zinapima uimara wa bodi tu. Hazikwambii picha itatokaje, wala hazikwambii lolote kuhusu vile vimlango vya betri na kadi ambako ndiko maji huingilia. Kwa maoni yangu, anayetaka kamera moja ya baharini na ya matembezi ya kila siku aanze na mambo mawili: mwanga unaopita kwenye lenzi, na mlango. Mita zije baadaye.

Hata hivyo tuzimalize kwanza hizo mita, kwa kuwa ndizo zinazowachanganya wengi.

Kila unaposhuka mita 10, maji huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu tukiwa ufukweni. Juu ya maji kamera inabeba mgandamizo mmoja, kwenye mita 10 inabeba miwili, kwenye mita 30 inabeba minne. Mtengenezaji hupima bodi yake katika maji yaliyotulia na kwa muda maalumu. Nikon Coolpix W300 iliyotoka mwaka 2017, kwa mfano, ilitangazwa kuhimili mita 30 kwa dakika 60. Hakuna mahali ambapo kipimo hicho kinaruhusu kuruka kutoka kwenye boti ukiwa umeishika mkononi. Pigo la kugonga maji ni jambo jingine kabisa, na vitabu vya maelekezo vya kamera hizi huonya juu yake. Shuka kwa ngazi, au mwombe nahodha akupe kamera ukishaingia.

Sasa jiulize utafika wapi. Anayeogelea kwa snokeli, yaani mrija wa kupumulia, Kisite, Malindi au Chumbe hukaa juu ya maji karibu muda wote, na akipiga mbizi kwa pumzi zake hufika mita 3 au 4, mwenye mazoezi zaidi kidogo. Chumbe wageni hawaruhusiwi hata kuzama na mtungi wa hewa, ni snokeli tu. Kwa mtu huyo kamera ya mita 10 inatosha, ya mita 15 inatosha na kubaki. Hali hubadilika kwa anayezama na mtungi: cheti cha mwanzo kinamruhusu kufika mita 18, cha ngazi inayofuata mita 30. Huyo kamera ya mita 15 haimfai ikiwa peke yake. Anahitaji kasha la kuifunika, au kamera ya aina nyingine. Hapo ndipo mita zinapokuwa na neno la kusema.

Na simu? Swali hili ni la haki, kwa kuwa simu nyingi za bei ya juu siku hizi zimeandikwa IP68. Tarakimu ya kwanza, 6, inahusu vumbi. Ya pili, 8, inahusu maji, na maana yake ni kwamba kifaa kinahimili kuzamishwa zaidi ya mita 1 kwa masharti anayoyataja mtengenezaji mwenyewe. Ndiyo maana Samsung hutaja mita 1.5 kwa dakika 30 kwa simu zake za Galaxy S, na Apple hutaja mita 6 kwa dakika 30 kwa iPhone tangu toleo la 12, na zote zina IP68 ileile. Vipimo hivyo hufanywa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Apple wenyewe wanawashauri wateja wasiogelee na simu, na dhamana yao ya kawaida haigusi uharibifu wa maji. Ongeza kwamba kioo cha kugusa hakielewi kidole kikiwa ndani ya maji. Ile mifuko ya plastiki ya kuvaa shingoni inasaidia kwa picha mbili tatu za juujuu, lakini plastiki ile inakaa mbele ya lenzi na kufifisha kila kitu. Mimi simu ningeiacha kwenye boti. Ina namba za watu, ina pesa, ina picha za miaka yote. Thamani yake imezidi ya kioo na betri.

Turudi kwenye mwanga, ambao ndio kiini cha habari hii.

Maji hula mwanga, na hayali rangi zote kwa kasi moja. Nyekundu hutangulia. Ukifika mita 5 sehemu kubwa yake imekwishatoweka, kisha hufuata rangi ya machungwa, halafu njano. Zinazobaki ni kijani na buluu. Macho ya binadamu hujirekebisha, ndiyo maana ukiwa chini unaona matumbawe yana rangi zake, lakini picha inatoka ya kibuluu-kijivu na unadhani kamera ni mbovu. Kamera ilisema kweli. Nyingi kati ya hizi zina mipangilio ya chini ya maji inayojaribu kurudisha nyekundu, na inafanya kazi vizuri karibu na uso wa maji ambako bado kuna nyekundu ya kurudishwa. Kadiri unavyoshuka, inabahatisha. Kamera inayohifadhi faili ghafi ambayo haijaichakata, yaani RAW, inakupa nafasi ya kurekebisha rangi nyumbani kwa utulivu. Si kila kamera ya kundi hili inayo uwezo huo, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa.

Zaidi ya rangi, mwanga wenyewe hupungua. Kamera ikikosa mwanga ina njia tatu tu. Inaweza kuchelewesha shata, yaani kipazia kinachopitisha mwanga, na kasa anayeogelea anageuka ukungu. Inaweza kuongeza usikivu, yaani ISO, na picha inajaa chengachenga. Au inaweza kufungua tundu la lenzi zaidi, kama lenzi yenyewe imeumbwa hivyo. Njia ya tatu ndiyo isiyoharibu kitu, nayo haipatikani kwa programu wala kwa ustadi. Lenzi inayo au haina.

Tundu hupimwa kwa namba ya f, na namba ndogo ni tundu kubwa. OM System Tough TG-7 iliyotoka mwaka 2023, pamoja na mtangulizi wake Olympus TG-6 ya 2019, hufunguka hadi f/2.0. Nikon W300 hufunguka hadi f/2.8, Ricoh WG-6 hadi f/3.5. Zinaonekana namba za jirani, kumbe f/2.0 hupitisha mwanga mara mbili ya f/2.8 na karibu mara tatu ya f/3.5. Kwa mtu aliye mita 4 chini ya maji siku ya mawingu, hiyo ndiyo tofauti kati ya picha ya kutundika ukutani na picha ya kufuta. TG-7 inafika mita 15 tu, nusu ya W300, lakini kwa muogeleaji wa snokeli ndiyo yenye faida. Kuna tahadhari moja: tundu hilo la f/2.0 lipo pale lenzi ikiwa pana kabisa. Ukivuta kitu karibu mpaka mwisho, linafika f/4.9, na faida yote imepotea. Chini ya maji usivute. Sogea.

Kusogea ndiyo siri kubwa ya picha za majini kuliko kifaa chochote. Maji ya pwani yetu huwa na chembechembe, na kila mita ya maji iliyopo kati yako na samaki huongeza pazia. Wakati wa kaskazi, hasa mvua zikiwa zimekatika, maji hung'aa na unaweza kuona mbali. Masika ikishuka, mito inaleta tope, na Mafia iliyo jirani na delta ya Rufiji inalijua hilo vizuri. Ziwa Victoria lina ukijani wake muda mrefu wa mwaka. Ziwa Tanganyika ni kinyume chake: maji angavu, hayana chumvi ya kula vyuma na sili, yaani mipira inayozuia maji kwenye milango, na ndani yake wamo samaki wengi wasiopatikana kwingine duniani, akiwemo kuhe. Anayeishi Kigoma au Bujumbura amejaliwa sehemu nzuri mno ya kujifunzia kamera hizi.

Flashi ya kamera haikuokoi na hayo. Chini ya maji inafika kiasi cha mita moja hivi, na kwa kuwa ipo karibu sana na lenzi, inamulika chembechembe zilizo mbele yako na picha inajaa madoadoa meupe. Izime, ila unapopiga kitu kidogo kilicho karibu sana.

Kuna jambo jingine ambalo boksi halisemi. Maji hupinda mwanga kwa namna inayofanya vitu vionekane vikubwa na vya karibu kuliko vilivyo, kwa hiyo lenzi ikiingia majini inakuwa nyembamba zaidi. Upana wa lenzi huandikwa kwa milimita, na namba ndogo ni lenzi pana: ya milimita 25 inafanya kazi kama ya 33, ya milimita 28 kama ya 37. Kwa samaki wa ukubwa wa kiganja si kitu. Kwa papa potwe wa Mafia, anayeonekana Kilindoni kati ya Oktoba na Februari, ni jambo kubwa: ukisogea karibu ili maji yasikuwekee pazia, samaki haenei, ukirudi nyuma ili aenee, anageuka kivuli. Hivyo basi anza na lenzi pana, milimita 24 au 25, na ukiweza kuongeza kilenzi cha kupanua, kama TG inavyoruhusu kwa kutumia adapta, bora zaidi. Na potwe asimulikwe kwa flashi wala asiguswe. Anayemkimbiza ili apate picha anamfukuza, na wenzake waliobaki botini hawatamwona tena.

Kuhusu megapikseli, yaani mamilioni ya vitone vinavyounda picha, sina mengi. TG-7 ina 12, W300 ina 16, WG-6 na Panasonic Lumix FT7 zina 20, na zote zina kihisi, yaani kipande kinachopokea mwanga, chenye ukubwa uleule, upana wa milimita 6 na kidogo. Kugawa eneo dogo vipande vingi hakuongezi mwanga. 12 zinatosha kwa kuchapisha picha ya ukutani.

Hicho kihisi kidogo ndicho kinachotupeleka kwenye sehemu ya pili ya swali, yaani matumizi ya kila siku. Hapa nitasema wazi jambo ambalo wauzaji hawalipendi: kwenye ukumbi wa harusi usiku, simu nzuri itaishinda kamera yoyote ya kundi hili. Kihisi cha simu za bei ya juu sasa ni kikubwa zaidi, na simu huunganisha picha kadhaa kuwa moja ndani ya sekunde. Ukinunua kamera ya majini ukitegemea itapiga picha za ukumbini, utasikitika.

Lakini siku ina mengi zaidi ya ukumbi. Lenzi za kamera hizi huvuta mara 4 au 5 bila kuchomoza nje, kwa hiyo hakuna mahali pa vumbi kupenya, na mtu aliyewahi kupita barabara ya Serengeti wakati wa kiangazi anajua vumbi lile linaingia mpaka wapi. Mvua ya masika haizitishi. Unaweza kumpa mtoto wa miaka sita aende nayo ufukweni, na ikianguka kwenye mwamba kutoka urefu wa kiuno inaokotwa na kazi inaendelea. TG-7 imetengenezwa ihimili kuanguka kutoka mita 2.1. Kwa vitu vidogo haina mpinzani wa ukubwa wake: inalenga kitu kilicho sentimita 1 mbele ya lenzi, na mguu wa siafu, uzi wa kanga au chembe ya mchanga huonekana kwa ukubwa usioutarajia. Ina pia namna ya kuhifadhi nusu sekunde iliyotangulia kabla hujabonyeza mpaka mwisho. Nenda nayo Forodhani, Zanzibar, jioni vijana wanaporuka makachu, yaani kujirusha baharini kwa mbwembwe, shika kitufe nusu, na yule kijana utampata akiwa hewani, miguu juu, kabla maji hayajamgusa. Kwa burudani hiyo peke yake kamera imejilipa.

Kamera za michezo kama GoPro ni chaguo la kweli kwa anayetaka video kwanza. GoPro nyingi tangu Hero5 ya 2016 huingia mita 10 bila kasha, na DJI Osmo Action 4 huingia mita 18. Zina lenzi pana na hutuliza mtikisiko vizuri sana, kwa hiyo kwa wanaoshuka maporomoko ya Nile kwa boti za mpira kule Jinja hakuna cha kushindana nazo. Hazina flashi, na haziwezi kulenga kitu kilicho karibu na kioo, kwa hiyo picha za viumbe vidogo zisahau. Kwa mzamiaji wa mtungi kuna SeaLife Micro 3.0, inayofika mita 60 na haina mlango hata mmoja: betri na hifadhi ya gigabaiti 64 zimefungiwa ndani moja kwa moja. Ni wazo zuri mno kwa usalama, ila nchi kavu inakubana kwa kuwa haina uwezo wa kuvuta. Njia ya mwisho ni kuchukua kamera ndogo ya kawaida yenye kihisi kikubwa, mfano Sony RX100 ambayo kihisi chake kina eneo la karibu mara nne ya hivi vidogo, na kuinunulia kasha la majini. Picha zake ni bora kuliko zote nilizotaja. Kasha linakula pesa nyingi na linajaza nusu ya begi, kwa hiyo ni la mtu aliyekwisha kuamua kwamba kupiga picha chini ya maji ndiyo kazi yake. TG-7 nayo ina kasha lake, PT-059, linaloifikisha mita 45. Ndiyo sababu nyingine ya mimi kuichagua: unaanza na snokeli leo, ukipata cheti mwakani unaongeza kasha, na kamera ni ileile. Ilipotoka bei yake Marekani ilikuwa dola 550. Ongeza usafiri na ushuru mpaka ikufikie.

Sasa mlango. Kamera nyingi za aina hii hazifi kwa kina. Zinakufa kwa unywele mmoja, chembe ya mchanga, au uzi wa taulo ulionaswa kwenye sili ya mpira inayozunguka mlango wa betri. Kwenye kina kidogo mgandamizo hautoshi hata kuikaza sili vizuri, na maji yanapita taratibu kupitia kijinafasi usichokiona. Angalia dukani jinsi mlango unavyofungwa: unataka kufuli ya hatua mbili, ambayo haiwezi kufunguka kwa kusukumwa mara moja na kidole au kamba. Fungua, tazama sili. Iwe laini, haina ufa, haijabonyea.

Mazoea ya utunzaji ni machache na hayana mjadala. Betri na kadi weka nyumbani au hotelini, kwenye chumba kikavu, kabla hujafika ufukweni. Kwenye chumba chenye kiyoyozi ni bora zaidi, kwa sababu hewa nzito ya pwani ukiifungia ndani ya kamera itageuka ukungu kwenye lenzi mara tu bodi ikipoa majini. Futa sili kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, isiwe pamba. Kwenye boti usifungue mlango hata kama umesisitizwa. Ukitoka baharini, izamishe kamera kwenye maji baridi yasiyo na chumvi kwa dakika 10 au zaidi na uvibonyeze vitufe vyote humohumo, chumvi itoke. Chumvi ikikaukia ndani ya vitufe inakuwa ngumu kama mchanga. Futa, acha ikauke kivulini, ndipo ufungue. Usiiache garini: vitabu vya maelekezo huweka ukomo wa joto kwenye nyuzi 40, na gari lililofungwa Mombasa au Muscat mchana hupita hapo haraka. Watengenezaji wengi hushauri sili zibadilishwe kila mwaka, na huduma hiyo haipatikani kila mji, kwa hiyo iweke kwenye hesabu ya gharama tangu mwanzo. Nunua pia mkanda unaoelea, wa rangi kali, na hakikisha unabeba uzito wa kamera yako. TG-7 ina gramu 249 na ikiponyoka inazama moja kwa moja.

Kuhusu mitumba kuwa makini. W300, FT7 na Fujifilm XP140 hazitengenezwi tena, na zinauzwa kwa bei ya kuvutia. Kama utaitumia nchi kavu, kwenye vumbi na mvua, chukua bila wasiwasi. Kama ni ya kuzama nayo, ukweli ni kwamba unanunua sili za miaka kadhaa ambazo hujui zimetunzwaje. Tazama vyuma vinavyogusana na betri kama vina kutu au unga wa kijani, maana hiyo ni alama ya maji yaliyowahi kuingia. Elekeza lenzi kwenye mwanga uone kama kuna ukungu au madoa ndani ya kioo. Muuzaji akikataa usiufungue mlango, ondoka.

Na kamera yoyote, mpya au ya mtumba, ianzie kwenye ndoo. Toa betri na kadi, funga milango yote, izamishe kwenye maji ya bomba kwa nusu saa na uitazame. Vipovu vichache vinavyoachia mara moja ni hewa iliyonasa nje ya vitufe. Vikiendelea kutoka mfululizo pembeni ya mlango, itoe, ielekeze mlango chini ili maji yasisambae ndani, ikaushe nje kabla ya kufungua, kisha irudishe dukani siku hiyohiyo na risiti yako.